Madoa Thelathini na Nane

Mwaka mzima sasa, mdogo wetu, koti lako jeupe linaning'inia nyuma ya mlango wa maabara bila mwenyewe. Mfukoni tuliikuta kalamu yako, imetafunwa kama kawaida yako.

Wenzako walikuita Fundi Damu. Miaka ishirini na sita uliinamia hadubini, na mashine hukuiamini. "Inajua kuhesabu," ulikuwa ukisema, "haijui kuangalia." Mgonjwa akija anaogopa sindano, ulimwuliza habari za kuku wake. Akishangaa, "Kuku gani?", damu tayari ipo kwenye chupa.

Jumapili ya kwanza ya kila mwaka ulitukalisha mezani, ukatuchanja mkwaruzo mdogo mkononi, ukagusisha karatasi kila nusu dakika mpaka damu ikome. Watu wengine, madoa kumi na mawili. Sisi wa ukoo wako, thelathini na nane. Mumeo alimaliza mapema akaenda kuchemsha chai, akitupigia kelele kutoka jikoni: "Nyie bado mnavuja? Chai inapoa!"

Ulitueleza tukaelewa. Chembe sahani, zile ndogo za kuziba jeraha, kwetu zimetimia idadi. Ila ndani yake kuna protini inayosimamia ishara. Jeraha likiita, yenyewe ndiyo huamua chembe ziamke au zitulie. Yetu ni kali mno: jeraha linapiga kelele, yenyewe inazinyamazisha. Hata kwenye uboho wa mifupa, damu inakoundwa, imo inaelekeza, ndiyo maana chembe zetu nyingine hutoka kubwa na goigoi.

"Kwa hiyo ni nyapara," nilisema mimi, kaka yako, niliyefukuzwa viwandani mara tatu kwa kugombana na manyapara.

"Ni nyapara, kaka. Na asipokuwepo, damu itaganda hovyo mwilini. Kwa hiyo usianze."

"Basi hizo chembe ziunde chama."

Ulicheka mpaka ukalikosa doa la kumi na tisa, tukaanza upya.

Mimi huwa sisahau. Sijamsahau daktari aliyesoma jibu la mashine siku ya operesheni yako akasema, "Idadi iko sawa, tusicheleweshe." Wala sijasahau swali lake, wewe ukiwa huwezi kusema kwa maumivu: "Kwenu kuna anayevuja damu sana?"

Nikajibu, "Kawaida tu."

Kwetu kuvuja dakika kumi na tisa ni kawaida. Kwenye meza ya upasuaji damu yako haikukoma. Karatasi zako za madoa zilikuwa kabatini, kwenye kopo la biskuti. Hasira ninayo kwa daktari yule, ninayo kwa hospitali isiyouliza mara mbili, na iliyobaki, mdogo wangu, ni ya kwangu mwenyewe.

Mwishoni mwa mwaka jana binti yako alitakiwa kukatwa mafindofindo. Swali likawa lilelile. Nikaliweka kopo mezani.

"Mzee, idadi yake iko sawa," daktari mwingine akasema.

"Hesabu madoa, daktari. Mimi hapa sitoki."

Akahesabu kwa kidole, taratibu, mpaka mwisho wa karatasi. Akarudia. Kisha akamwambia muuguzi, "Tunaahirisha. Hapelekwi chumba cha upasuaji mpaka tupate chembe sahani za kumwongezea."

Binti yako yuko nyumbani. Koo limepona, na mdomo ni wako mtupu. Jumapili ya kwanza ya mwaka huu alishika karatasi yeye. "Mjomba, tulia! Unatikisa meza." Tukahesabu kwa sauti. Mumeo alimaliza mapema kama zamani, lakini safari hii hakwenda jikoni. Alikaa nasi mpaka doa la mwisho.

Unakumbukwa na mumeo, binti yako, dada yetu mkubwa, wenzako wa maabara, na mimi kaka yako mkali.

Tutakukumbuka siku zote, na tukiulizwa, hatutajibu tena "kawaida tu".