Usiwalilie, Shufaa

Kabati, 9 Oktoba 1949

Dada Mbinya,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Uko mzima? Na hao nyuki wa kichwani mwako, wazima? Mimi nipo, ila mwili wote unauma. Jua limekausha hata mbaazi, na watu wamekumbuka kwamba nikilia mvua hunyesha. Miaka yote waliniita mkosi. Leo wanapanga foleni dukani kwa baba mdogo Abdulatif, kila mtu na njia yake ya kuniliza. Wamenifinya, wamenikamulia vitunguu machoni. Machozi ya vitunguu yanaleta manyunyu tu! Nimeapa sitawalilia.

Tangu ukoo wenu ukupeleke Kathonzweni, eti nyuki wako wanatisha watoto, sina hata mtu wa kukaa naye. Niandikie upesi.

Dada yako,
Shufaa

Kathonzweni, 30 Oktoba 1949

Shufaa wangu,

Nilifurahi kuona mwandiko wako, kisha nikasoma nikakasirika. Mimi ni mzima. Nyuki wamekonda, maua hakuna, lakini bado wanalala kwenye nywele zangu. Hapa pia nikienda kisimani watu wanatupa vibuyu na kukimbia. Baba mkubwa Nzomo amechonga mzinga, akautia alama ya ukoo, anasema nyuki si wangu, ni wa ukoo, lazima wahamie humo. Anawafukiza moshi, anayekohoa ni mimi! Wanarudi kichwani.

Hebu niambie, wewe na mimi tumemkosea nani? Usilie, hata kwa ajili ya nyuki wangu.

Dada yako,
Mbinya

Kabati, 21 Novemba 1949

Mbinya, Mbinya!

Uko hai? Nijibu hilo kwanza, salamu baadaye. Ijumaa baba mdogo alirudi kutoka sokoni akasema umekufa, umeuawa na nyuki. Sikuamini. Nyuki wako wakuue wewe? Lakini nilipotoka uani nikakuta wanawake wametandika mikeka, wanakaa matanga, chai inachemka. Nani anamkalia matanga mtu aliye hai? Nikalia. Nililia mpaka mto Tiva ukafurika na kubeba ng'ombe. Wao walicheza ngoma kwenye matope.

Kisha Kilonzo, yule mchuuzi wa ngozi, akafika na baiskeli yake na barua yako, akaapa kwamba alikuacha mzima wiki hiyo hiyo. Baba mdogo hakuona hata haya, alicheka. Mvua moja haiwatoshi, na sasa wamejua dawa yangu ni wewe. Uongo hautafaa mara ya pili, na wanajua. Jana niliwasikia wakiulizana njia ya Kathonzweni. Toroka, Mbinya. Ukifa kweli, mimi sitaweza kunyamaza.

Dada yako,
Shufaa

Ng'ambo ya Athi, 4 Desemba 1949

Shufaa,

Niko hai, nina njaa, miguu imevimba. Watu wenu walifika na mapanga, wakakuta nimeshatoka.

Mvua yako ilinyesha mpaka huku. Migunga imechanua, nyuki wangu wamenenepa, na makundi mengine yameacha mizinga ya watu yakanifuata. Sijui nimewafanyia nini. Njia nzima inanguruma.

Umeniambia nitoroke. Nitorokee wapi ambapo wewe hupo? Kilonzo anatangulia na barua hii, maana amekataa kabisa kutembea na mimi. Funga nguo zako. Siku ya soko ukiona maduka yanafungwa na watu wanakimbia, wewe usikimbie. Simama hapo barabarani. Ni mimi.

Dada yako,
Mbinya