Kanda za Krismasi za Mama

Birikani, Voi
14 Januari 1995

Wifi yangu mpenzi Katunge,

Habari za joto la Mombasa? Hapa vumbi limetushika vifua, lakini tunapumua, tunashukuru. Mama anakula kidogo. Mkono wa kushoto bado hauna nguvu tangu apooze. Mdomo umenyooka kiasi, na mtu aliyemzoea anamwelewa.

Kanda yako ya video ilifika. Dereva wa basi aliiacha dukani kwa jirani yetu Mwanaesha kama ulivyomwagiza, na Mwanaesha hakungoja hata tuombe. Baada ya swala ya alasiri alifunga duka, akaja, tukambeba Mama na kiti chake, yeye mbele mimi nyuma, mpaka sebuleni kwake kwenye televisheni.

Filamu ni ya wazungu na Krismasi. Msichana anayefanya kazi mjini anarudi kwao, mji mdogo wenye barafu kila mahali, na huko kuna kijana anayetengeneza paa la kanisa. Mimi namwelezea Mama kwa Kikamba, kwa kile Kiingereza changu cha kuishia kidato cha pili.

"Hiyo nyeupe ni nini?" akauliza.

"Ni barafu, Mama. Inaanguka kama mvua."

"Na ng'ombe wanakula nini?"

Mwanaesha akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Bibi, wewe mtazame kijana, waachie ng'ombe wao!"

Lakini Mama hamjali kijana. Anachopenda ni pale mwanzo, gari linaposimama mlangoni na yule msichana anashuka na sanduku, mama yake anatoka jikoni mikono imejaa unga. Hapo Mama anasema, "Amefika." Anasema polepole, kama anayemwambia mtu wa pembeni. Filamu ikiisha anaomba turudishe pale. Tumeitazama mara tatu sasa. Mwanaesha naye kila mara analia mwishoni. Nilimuuliza, wewe Krismasi yakuhusu nini? Akasema, "Mwanangu, hapo hakuna dini. Hapo mtu amependwa, basi."

Wifi, nakuomba neno moja. Pasaka ikifika, njoo ukae na Mama walau juma moja. Kumwinua, kumwogesha, kumgeuza, mgongo wangu umekataa. Na mama yangu mzazi kule Mtito Andei sijamwona tangu tulipomzika ndugu yako Kituku.

Ni mimi wifi yako,
Mbinya


Shanzu, Mombasa
20 Februari 1995

Kwako wifi Mbinya,

Salamu sana, na kwa Mama mara mia. Barua yako niliisomea jikoni kwa wafanyakazi, nikacheka ile ya ng'ombe mpaka mpishi akataka kujua. Mimi ni mzima, ila miguu. Kusimama risepsheni kuanzia asubuhi na viatu vya kisigino si kazi ya mtu wa umri wangu.

Pasaka sitaweza. Hoteli imejaa mpaka vyumba vya nyuma, na bosi amesema atakayeomba likizo asirudi.

Kwa nini Mama anapenda zile filamu sijui. Zote ni moja. Msichana ana kazi kubwa na mchumba mbaya, anarudi kwao, anakutana na fundi mwenye shati la mirabaraba, wanagombana, wanapatana, barafu inaanguka. Mimi nakaa hapa nawaona wenye barafu yao wakiikimbia. Desemba tunawapambia mti wa plastiki kwa pamba ya hospitali na wao wako nje wameungua jua kama mihogo.

Lakini nikwambie ukweli. Siku ile nairekodi kwa chumba cha wafanyakazi nilikuwa niende nikalale, nikakaa mpaka mwisho. Nilijua watapatana, ndiyo sababu nilikaa. Hapa kutwa nzima sijui mgeni gani atanifokea na kwa kosa gani. Pale najua.

Nitatuma nyingine.

Wifi yako,
Katunge


Birikani, Voi
3 Septemba 1995

Wifi Katunge,

Natumai barua hii itakukuta na nguvu. Mama yuko, ila amepungua. Nikimwinua sasa sisikii uzito, na hilo linanitisha kuliko alipokuwa mzito.

Kanda ya pili ilifika, na ya tatu. Mama anazipenda zote. Sasa anawajua. Anasema huyu wa koti jekundu ana haraka, huyu mwingine ana adabu. Gari likisimama tu anasema, "Amefika," na jicho moja linamwaga machozi, lile la upande uliopona.

Katunge, nina neno, na nimeshindwa kulisema kwa miezi mingi. Kuna mtu anaitwa Musyimi. Analima ndizi Taveta, upande wa mifereji, na huzileta hapa sokoni Voi. Alifiwa na mke. Ametaka tuoane. Si kijana na si mrembo, na akicheka anaficha mdomo kwa sababu ya meno. Lakini siku moja alinikuta nimebeba maji, akachukua ndoo zote mbili akatangulia mbele yangu mpaka nyumbani.

Nimemwambia angoje. Ndugu yako amekufa mwaka wa tatu sasa, na Mungu hakutujalia mtoto. Ninaweza kuondoka. Mbele ya watu na mbele ya kanisa ninaweza. Lakini nikiondoka, nani atamgeuza Mama?

Katika hizo filamu zako mwanamke anaamua kwa siku mbili. Hakuna hata moja niliyoona yenye mgonjwa chumba cha nyuma.

Nijibu hili, usinijibu habari za hoteli.

Wifi yako,
Mbinya


Shanzu
25 Septemba 1995

Mbinya,

Salamu kwa Mama.

Kumbe Pasaka hukuwa unamtaka mama yako wa Mtito, ulikuwa unataka nafasi. Kama ni mwanamume ungesema ni mwanamume tangu Januari. Uliingia katika nyumba ile ukiitwa mke wa Kituku, na Mama alikupokea kama aliyekuzaa. Leo amekuwa mzigo?

Mimi ndiye ninayehangaika huku. Unadhani nasimama hapa kwa kupenda? Nitajaribu kuja Desemba. Nimeshaomba. Mwambie Mama Krismasi hii nakuja.

Katunge


Shanzu
19 Desemba 1995

Wifi,

Nimempa dereva wa basi kanda mbili, mpya. Nimenyimwa ruhusa. Kuna kundi kubwa la Wajerumani mpaka Mwaka Mpya. Mwambie Mama kwa njia nzuri, wewe unajua namna ya kumwambia.

Nisamehe kwa barua ile.

Katunge


Birikani, Voi
28 Desemba 1995

Wifi Katunge,

Pole na kazi. Mama yu hai, anakusalimu. Mimi nimechoka, sina salamu ndefu.

Sikumwambia kwa njia nzuri. Nataka usikie kutoka kwangu kabla ya Mwanaesha.

Siku ya Krismasi alikuwa ameamka mapema, amenitaka nimvalishe lile gauni la maua. Kutwa anageuza kichwa kila gari likipita barabarani. Mchana nikaona heri tumpeleke kwa Mwanaesha, maana kukaa pale kulikuwa kubaya zaidi. Mwanaesha alikuwa ametupikia pilau. Akaweka kanda yako mpya. Na kweli, mwanzo tu, gari likasimama, msichana akashuka, akamkimbilia mama yake akisema maneno.

Mama akaniuliza, "Anasema nini?"

Sijui ni nini kilinishika. Nikamwambia, "Anasema hawezi kuja. Anasema amenyimwa ruhusa."

Mwanaesha Kikamba anakisikia, ameishi na sisi miaka. Akanigeukia. "Mbinya! Wamwambia nini mtu mzima?"

Mama alikitazama kioo. Yule msichana alikuwa bado amemkumbatia mama yake, wanazunguka pale mlangoni. Mama akasema, "Lakini amekuja. Mimi namwona. Si huyo, amekuja?"

Nilitoka nje nikalia nyuma ya duka, kati ya makreti ya soda. Mwanaesha alikuja akasimama tu karibu yangu, hakunigusa wala hakunigombeza. Halafu akasema, "Rudi ndani. Mwambie asemalo yule mtoto." Nikarudi, nikamwambia Mama kwamba msichana anasema, nimerudi, nimekukumbuka sana. Mama akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua.

Tulipofika nyumbani namvua gauni, akaniuliza, "Huyo wa Taveta ana watoto?"

Sikuwahi kumtajia. Ni Mwanaesha na mdomo wake. Nikasema anao wawili, wakubwa, wanajitegemea.

"Basi nenda," akasema. "Mimi nimeshazoea kungoja. Wewe hujazoea bado, usizoee."

Katunge, nimemkubali Musyimi. Atakuja kunichukua mwisho wa Februari. Amesema Mama aje nasi Taveta, na amesema kwa moyo, nilimtazama macho. Lakini Mama amekataa. Anasema mwanawe amezikwa hapa na yeye hapa hapa.

Sikulaumu kwa kazi. Lakini mara ile alipopooza, ulikuja, ukamwona mara moja, ukakaa kibarazani mpaka basi lako likafika. Nilidhani utarudi ndani. Hakukuwa na Wajerumani siku ile.

Mwanaesha atakaa naye mpaka utakapofika. Kama hutafika, pia niambie, ili nijue.

Aliyekuwa mke wa ndugu yako, na bado wifi yako,
Mbinya


Birikani, Voi
11 Machi 1996

Wifi yangu Mbinya,

Habari za Taveta, na za Bwana Musyimi? Natumai mgongo umepata nafuu. Huku tupo. Mama anapumua vizuri, mvua bado.

Mwanaesha anasema tulipishana kwa saa chache tu, wewe umeondoka asubuhi na pikapu ya ndizi, mimi nimeshuka kituoni mchana. Huenda ilikuwa heri. Sijui ningekutazama vipi.

Nikwambie nilivyofika. Safari nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa nimevaa vizuri, sanduku mkononi, nimesimama mlangoni kwetu, na sikuweza kupiga hodi mpaka Mwanaesha aliponiona kutoka dukani akapiga kelele, "Waogopa mlango wa kwenu?" Nikaingia. Mama alikuwa amelala. Nikakaa kwenye kile kigoda chako. Alipofungua macho akasema, "Mbinya, leta maji."

"Ni mimi, Mama. Ni Katunge."

Akanitazama sana. "Katunge yuko Mombasa," akasema. Halafu akasema, "Haya, leta maji basi."

Nikaleta maji.

Asubuhi yake ndipo aliponijua. Akauliza narudi lini. Nikamwambia sirudi. "Wamekufukuza?" Nikamwambia hapana, nimeacha. Akageuka akaelekea ukutani, nikadhani amekasirika. Kisha nikaona bega moja linatikisika. Nilitaka kutoka nje, Mbinya. Miguu ilikuwa tayari imesimama. Nikakaa.

Tangu hapo sijui nikwambie nini. Nilidhani kusimama risepsheni ni kazi. Nafua shuka kabla ya chai na nafua tena baada ya chai. Mikono yangu imechubuka. Juzi nilimwangusha kidogo, si sana, alipoteleza kutoka kitandani, na tulikaa chini wote wawili mpaka Mwanaesha akaja. Mama alisema, "Mbinya hakuwa ananiangusha." Nikasema, "Najua, Mama."

Jumamosi Mwanaesha alituita tukatazame kanda. Mama akakataa, anasema hizo ameshaziona. Lakini akaniambia mimi niende. Nikaenda. Ilikuwa ile ya koti jekundu, niliyoirekodi mwenyewe. Nilisinzia kabla hawajagombana, nikaamshwa imeisha. Mwanaesha machozi yanamtoka, akaniambia walipatana. Nikamwambia asante kwa habari.

Radhi kwa ile barua ya Septemba nitaomba tukionana, kwa karatasi haifai.

Sasa nina shida, na ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Mama hataki uji kwa mkono wangu. Nikimpelekea kijiko anafunga mdomo. Nimejaribu sukari, nimejaribu maziwa, nimejaribu ndimu. Nikimbembeleza anafunga na macho. Mwanaesha anasema kwako alikuwa anamaliza kikombe. Wewe ulikuwa unampaje? Tafadhali nijibu upesi, maana anazidi kukonda na mimi naogopa.

Wifi yako,
Katunge


Taveta
16 Machi 1996

Wifi Katunge,

Pole sana, na asante kwa kukaa. Huku ni wazima. Musyimi anakoroma kama trekta na shamba lake halina mwisho, jioni mgongo ni ule ule. Lakini akiniona nimechoka ananiambia niketi, na ninaketi. Anakusalimu. Pasaka tutakuja wote wawili.

Kuhusu uji. Usimpelekee kijiko, anaona aibu. Usimbembeleze. Mimina vikombe viwili, kimoja kiweke kwenye stuli upande wa mkono wake mzima. Wewe keti kitandani karibu na miguu yake, unywe wako, umwambie habari za watu, nani ameoa, nani amegombana na nani. Usimtazame. Atanyoosha mkono mwenyewe.

Ukiona amechelewa, endelea kuongea tu.

Wifi yako,
Mbinya