Kitabu cha Panya wa Ganesha na Uchumba wa Mrinal

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie, nyumba imegeuka mahakama, maana mume wangu, Profesa Gajanan Sathe, aliyefundisha visa vya miungu yetu hapa Pune hadi akastaafu, ametoa kitabu kinene kuhusu panya anayepandwa na Ganesha, eti zamani watu walimwabudu panya kwanza, ndipo mungu wetu mwenye kichwa cha tembo akaja kumkalia mgongoni, basi mhakiki mmoja gazetini akasema kitabu kinafaa kuzuilia mlango, mwingine akamwita mume wangu bingwa wa mashimo ya panya, na kamati ya sikukuu ya Ganesha mtaani ikadai amemkufuru Ganesha, na mwenyekiti wake, Bwana Patwardhan, ndiye baba wa Nikhil, mchumba wa binti yetu Mrinal.

Jumapili baba na mwana walikuja kunywa chai. Patwardhan akaanza: “Profesa, omba radhi hadharani, la sivyo hakuna harusi.”

“Ukurasa gani umekukera?”

“Mimi nisome uchafu ule?”

“Sasa umejuaje ni uchafu?”

“Mtaa mzima unajua!”

Nikhil anatafuna tu modaki zangu, vile vitamutamu vya nazi. Mrinal akakimbilia chumbani akilia, na wageni walipoondoka mume wangu akapiga makofi: “Mama Mrinal, hatimaye nina wasomaji!” Nimlazimishe aombe radhi? Mimi mwenyewe kitabu sijakisoma.

Sulabha Sathe, Pune

Dada Sulabha, pole, ila na wewe! Umempikia chai miaka yote akiandika, hata sura moja imekushinda? Mimi nimekisoma. Kufuru sikuiona, nilichokiona ni usingizi, hasa sura ya nne. Yule mhakiki wa mlango alimwonea huruma. Kwa hiyo mumeo atuombe radhi sisi wachache tuliokimaliza, Ganesha amwache, hajalalamika. Tena aache kuchekelea: kulaaniwa na watu wasiosoma si kusomwa.

Patwardhan mwambie chai ipo, aje siku atakayokuwa amesoma japo ukurasa mmoja. Lakini wewe unahangaika na baba, kijana humwoni! Mkwe wake anadhalilishwa sebuleni kwake, yeye anatafuna! Leo hii kaa na Mrinal, nyinyi wawili tu, umuulize kama bado anamtaka. Akimtaka, Nikhil aje bila babake, afungue mdomo, aseme anaoa au haoi. Akibabaika, rudisheni pete, na mtu yeyote asikudanganye kwamba harusi imevunjwa na kitabu.