Mzee Breki Hapandi Gari la Mtu

2 Juni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani, na za jirani yetu fundi cherehani anayekusomea barua hii? Mwambie asiruke mstari hata mmoja. Mimi ni mzima, ila viganja vimejaa malengelenge, maana nimechomelea mageti kumi na moja kwa wiki tatu.

Naandika kwa sababu simu unaikata. Kila nikitaja macho, unasema mtandao mbaya, na papo hapo mtandao unakuwa mbaya kweli. Barua haikatwi.

Daktari wa macho amekupangia upasuaji tarehe 14, saa tatu asubuhi. Jicho la kulia limeshakwenda. La kushoto, amesema likipita mwezi huu bila kuguswa, tusije tukamlaumu mtu. Na wewe hutaki kupanda chochote, eti umeendesha malori miaka thelathini na moja, huwezi kupakiwa kama gunia. Uliniambia mbele ya watu: "Siku utakapokuja na gari ambalo halijawahi kukaliwa na mtu, nitapanda." Ulijua mchomeleaji hanunui gari jipya. Haya baba, nimelichukua jana kwa mkopo. Nailoni bado ziko kwenye viti.

Naondoka tarehe 9 alfajiri. Ni kilomita mia tisa, nami sijawahi kuendesha hata mia mbili. Nakuja hivyo hivyo.

Ni mimi binti yako


5 Juni

Mama,

Marahaba. Huku hatujambo, mbavu tu zinanisumbua kwa baridi. Mimi nasema, fundi anaandika.

Usije. Yale yalikuwa maneno ya mzaha, na mzaha wa baba haudaiwi. Gari jipya hongera, umenitoa kimasomaso, lakini macho yangu ni mazima. Jana tu nimemwona mbuzi akikatiza barabara. (Hakuwa mbuzi. Ilikuwa baiskeli ya muuza maziwa. Ni mimi fundi.)

Najua hutasikia, kwa sababu kichwa hicho umekirithi kwangu. Basi shika haya. Gari jipya halikimbizwi. Kilomita elfu moja za kwanza usivuke themanini, hata wakikupigia honi na kukutukania ukoo mzima. Kila saa mbili simama, ukague matairi, unyooshe mgongo. Siku ya pili, ukishapita kiwanda cha saruji, achana na lami kubwa. Shika kushoto, ushuke mlima kwa gia ya pili mpaka darajani. Wengine huzunguka kwa sababu ni waoga. Utaokoa saa tatu nzima. Njia ile naijua kuliko chumba changu.

Usije. Na ukija, usisahau jeki.

Baba yako, Breki


10 Juni

Baba,

Shikamoo. Mwili wangu ni mzima. Naanza na hilo ili usishtuke mbele.

Jana nilikwenda themanini kama ulivyoagiza. Malori yote ya dunia yalinipita. Dereva mmoja alinipungia mkono kwa huruma, akadhani nimeharibikiwa. Nikavumilia. Leo nimepita kiwanda cha saruji, nikashika kushoto, gia ya pili. Mara lami ikaisha. Mara nyasi zikaota katikati ya njia. Nikajiambia, Breki hawezi kukosea.

Baba, daraja halipo! Zimebaki nguzo mbili na maji. Mama mmoja aliyekuwa akifua pale ameniambia mafuriko yalilibeba miaka minne iliyopita, na tangu hapo hajaona gari. Pa kugeuzia hapakuwepo, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde. Sikufichi, nililia. Halafu nikafuta uso, nikaingiza gia ya nyuma, nikapanda mlima kinyumenyume kilomita mbili. Jasho lilinitoka mpaka kwenye kope. Mlango umekwaruzwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ngao ya chuma iliyo chini ya injini iling'oka.

Sasa niko gereji, karibu na mizani ya malori. Fundi wa hapa aliniambia nisubiri siku mbili. Nikaazima mashine yake ya kuchomelea, nikachomoa betri, nikalala chini, nikaifunga ngao mwenyewe. Alisimama kuangalia weee, mwisho akanipa kiti na soda.

Nina hasira na wewe. Si kwa ajili ya mkwaruzo, rangi inanunuliwa. Umenituma kwenye njia ambayo hukumuuliza mtu kama bado ipo, na ndivyo unavyofanya na macho yako. Unasema mazima, basi yamekuwa mazima. Dereva wa basi, yule uliyemfundisha kazi, atakufikishia barua hii jioni. Kesho saa nne asubuhi atapita hapa akirudi. Mimi sigeuzi gari. Ila nataka kujua: nakuja kumchukua baba yangu, au nakuja kubishana mlangoni mpaka tarehe 14 ipite?

Binti yako


11 Juni, alfajiri

Mama,

Marahaba. Na pole. Pole sana, mwanangu. Sikumbuki kama niliwahi kukuambia neno hilo.

Fundi amenisomea mara mbili, maana mara ya kwanza nilimgombeza kwamba anasoma vibaya. Tangu nishuke kwenye lori ni miaka sita, na kila nikilala naipita barabara ile, kiwanda, mlima, daraja. Kumbe miaka minne yote navuka daraja lililokwishakwenda na maji. Nikamtuma mwanangu hapo hapo. Kama giza lingekukuta mlimani, leo ningekuwa nakuzika kwa maneno yangu mwenyewe.

Sasa nakwambia ukweli, na fundi anauandika huku anavuta kamasi. Sioni. Hilo la kushoto ni kama nachungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba kila wiki. Kisu cha daktari sikiogopi. Niliogopa kupita mbele ya wenzangu nikiwa abiria, waseme Breki kwisha habari yake. Kwa aibu hiyo nilikuwa tayari kulitoa jicho.

Nitapanda. Nitakaa kiti cha abiria na mkanda nitafunga bila kuambiwa. Begi nimeshafunga. Ukikuta shati limeingia na hanga yake, nyamaza.

Kutoka hapo kwenye mizani mpaka huku, usifuate neno langu hata moja. Uliza walioko barabarani. Na tukianza safari ya kwenda kwa daktari, nakuomba jambo moja. Niambie kila kitu unachokiona. Hapa pana kona, hapa wamejenga, kule mvua inakuja. Barabara siijui tena, mama. Nifundishe wewe.

Baba yako