Mchanga Laini, Kiti cha Mama Kimezama

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba unisaidie maana nimechoka, nimechoka mpaka kuchoka kwenyewe kumenichoka, na jambo lenyewe ni mchanga, tafadhali usicheke.

Mama yangu mzazi alivunjika nyonga na sasa anatembelea kiti cha magurudumu, nikamchukua nikae naye, na nyumba yangu si mbaya ila kutoka mlangoni hadi getini ni udongo mtupu, mvua ikinyesha ni tope, jua likiwaka ni mashimo, na mama anachotaka hapa duniani ni kimoja tu, afike getini asubuhi apige soga na rafiki yake anayeuza mkaa ng'ambo ya barabara, wanajuana tangu mimi sijazaliwa. Basi nikasema nimtengenezee njia. Nikampigia dereva wa lori la mchanga, akaniuliza, "Dada, unataka mchanga gani?" Mimi nitajulia wapi mchanga gani, nikamjibu, "Lete ulio laini kabisa, ni wa mgonjwa." Akasema, "Umepata," na kweli akaleta, laini kama unga, ule wa kupigia plasta, tukautandaza hadi mlangoni, nikasimama kujisifu. Mama akatoka na kiti chake, hakufika mbali, magurudumu yakazama, kiti kikainama upande, mimi navuta huku nasema pole mama, pole mama, na rafiki yake anatutazama kutoka ng'ambo ameshika mdomo.

Kaka yangu, tunamwita Bosi kwa sababu hajawahi kuajiriwa na mtu, akasema dawa ni kokoto, akaagiza bila kuniuliza, tena zile za mviringo za mtoni kwa kuwa zinapendeza macho, akazimwaga juu ya mchanga. Sasa nikisukuma kiti kokoto zinakimbia huku na huku na magurudumu yanachimba, hata mimi mwenye miguu mizima nayumba kama mlevi. Kaka anasema kosa ni mchanga wangu, mimi nasema kosa ni kokoto zake, mdogo wetu wa kike anasema tumbebe mama mgongoni yaishe, na lundo lililobaki limeziba nusu ya geti na njia ya jirani, naye siku hizi ananisalimia kwa kikohozi.

Nilikuwa namsukuma hivyo hivyo kila asubuhi mpaka kiuno kinalia, lakini juzi amekataa. Ameniambia, "Mwanangu, acha tu, nimeshazoea ndani." Anashinda dirishani na cherehani yake ya mkono, anaizungusha kutwa kushona mapazia ambayo hakuna aliyeyaomba. Yule rafiki yake akipaza sauti, "Upo?" mama anajibu, "Nipo, nipo," basi, mazungumzo yameisha. Je, nimwache apumzike kama alivyosema, nami nipumzike, au nitafute mchanga mwingine? Na kama ni mchanga, ni upi, maana sitaki kuuona tena hata kwenye mchele.

Ni mimi,
Niliyezama

Mwanangu uliyezama,

Marahaba, na pole ya kweli, maana kumsukuma mzazi juu ya mchanga kila asubuhi si mchezo. Sasa kaa chini nikugombeze kidogo.

Dereva alikuuliza swali la maana, wewe ukamjibu kwa huruma. Mtu akikuuliza mchanga gani, anakuuliza wa kazi gani. Ungemwambia kitapita kiti cha magurudumu, asingekuletea mchanga wa plasta. Umesema laini, amekuletea laini, mwenzio hana kosa. Mgonjwa anahitaji shuka laini na uji laini. Njia yake inatakiwa iwe ngumu. Na Bosi mwambie kokoto za mviringo ni za kuzungushia maua, hazina kona za kushikana, atazishindilia mpaka azeeke. Lawama gawaneni, kila mmoja achukue nusu yake, halafu mshike makoleo.

Zoeni vyote. Mchanga mpe jirani wa kikohozi kama ana ukuta wa kupiga plasta, na kokoto, kama mna bomba la nje, zimwage hapo panapotuama maji. Kisha mpigie dereva yule yule, aje kwanza atazame kwa macho, maana tripu ya lori moja si tripu ya lori jingine, na ukikisia utaletewa lundo la pili. Mwambie unataka moramu, ule udongo mwekundu wenye changarawe unaomwagwa kwenye barabara za vumbi, na vumbi la kokoto, zile chenga zinazobaki mawe yakipondwa, la kumalizia juu. Amwage ndani ya geti. Tandazeni kidogo, nyunyizeni maji, shindilieni, kisha mrudie tena, na katikati painuke kidogo maji yakimbilie pembeni. Kanyaga kwa kisigino. Kikiacha alama, bado.

Hayo ni ya udongo. Sasa la mama. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomuuliza yeye anataka njia ya namna gani, sijapaona. Umezungumza na dereva, kaka kakuamulia, mdogo wenu kataka abebwe kama gunia. Halafu akisema amezoea ndani, hilo ndilo unalolisikia haraka. Aliyezoea ndani hakai dirishani. Mama yako hajalichoka geti, amekuona wewe umechoka, akaamua kukupumzisha. Nakuelewa, hata mimi ningetamani kumwamini. Usimwamini. Ukimwacha mtapumzika wote wawili, na yule wa mkaa ataita "Upo?" mpaka siku ambayo hataitikiwa.

Tena umeniandikia mwenyewe kwamba anazungusha cherehani ya mkono kutwa nzima. Mikono ya namna hiyo inakosa nini cha kuzungusha magurudumu? Magurudumu ndiyo hayakuwa na pa kushika, mlimwekea unga chini. Kwa hiyo njia ikikauka, mwite atoke, na wewe usikiguse kile kiti. Atangulie. Wewe nenda kafungue geti, kisha umpishe.