Siku Niliyolala Kama Maiti

Mikelenge, Alhamisi

Tena hakuna muzazi anayekubali mutoto wake acheze maiti. Eti ni mukosi. Nimechoka nao! Basi mwalimu mwenyewe njo alilala leo, mimi, kwenye vumbi la kiwanja cha shule.

Ni ule mchezo wa Wagiriki wa kale: mufalme anakataza muntu mumoja asizikwe, dada yake anamutupia udongo hata hivyo, akijua atauawa. Wanafunzi wanabishana kila siku: sheria ao damu?

Leo Mama alikuja kutazama mazoezi. Kabla mwanafunzi anayecheza dada hajainama, nikasikia udongo kifuani. Nikafungua jicho. Mama! Analia, anaita "Kaka Musafiri", mujomba ambaye nabeba jina lake. Wakati wa vita komanda alikataza asizikwe. Mama aliogopa, akatii. Niliambiwa na shangazi. Mama mwenyewe hakuwahi kulisema.

Niliogopa hata kupumua.

Kisha akanipangusa uso kwa kitenge chake.

"Yeye nimeshamuzika," akasema. "Wewe amuka ukule, sombe inapoa."