Baba, Koti Alitaka Kumvuta Ndama kwa Pikapu

Baba,

Udongo wa kaburi lako ulikuwa haujakauka pale kihambani, kati ya migomba yako, watu bado wanakunywa mbege, mtu mmoja aliponivuta kando na kuniuliza kama begi lako la kazi linauzwa. Pole hakusema. Niliangalia viatu vyake. Vyeupe, msibani, na masika yote ile. Nikamwambia begi lina mwenyewe. Akacheka.

Huyo ndiye aliyerithi wagonjwa wako. Alikuwa akiuza dawa za mifugo Himo. Sasa kanunua koti jeupe, na Machame yote inamwita Daktari Koti. Wewe uliyetibu ng'ombe wa watu ukiwa na gambuti na shati lililochanika kwapani, hukuwahi kuitwa daktari bila mtu kuongeza "wa ng'ombe", kana kwamba anakuonea huruma. Yeye ni Daktari, basi. Ng'ombe akiharisha, sindano. Akikataa majani, sindano ileile. Kule shamba la wageni walimwita amwone yule farasi mwekundu, anagaragara kwa tumbo. Alimtazama kutoka nje ya uzio, akampiga picha, akaondoka. Mimi ndiye niliyebandika sikio ubavuni, kama ulivyonifundisha: "Tumbo la farasi likinyamaza, ndipo uogope." Halikuwa limenyamaza. Amepona.

Lakini kinachonifanya nikuandikie ni cha juzi, kwa Shangazi. Ng'ombe wake, Neema, alishikwa na uchungu asubuhi. Miguu miwili ya mbele ikatoka, kichwa hakionekani. Unadhani dada yako aliniita mimi? "Mtoto wa kike ataweza nini?" Akamwita Koti. Mimi nilisikia kwa jirani, nikakimbia na begi lako.

Nikamkuta ameifunga miguu ya ndama kwa kamba, na ncha ya pili anaifunga kwenye pikapu yake. Pikapu, Baba! Neema anakoroma, Shangazi anaimba wimbo wa kwaya huku analia, na lile bwege linapanga nani akawashe gari. Nikamuuliza, "Umeingiza mkono ukaona ndama amekaaje?" Akasema, "Hayo ni mambo ya kizamani, dada." Dada! Nikaikata kamba kwa kisu cha Shangazi cha ndizi.

Nikavua sweta, nikajipaka sabuni mpaka begani, nikalala chini nyuma ya Neema. Kichwa kilikuwa kimepinda, kimelala ubavuni kwa ndama mwenyewe. Kila Neema alipopumzika nilimsukuma ndama arudi ndani kidogo, nikatafuta pua kwa vidole. Nikaipata. Ikaniponyoka. Mkono ukafa ganzi. Nikawa nakusikia kabisa, sauti yako ile ya kukwaruza: "Usishindane naye. Msubiri." Nikamsubiri. Kichwa kikaja. Akatoka ndama jike, ulimi umevimba, lakini anapumua.

Daktari? Alikuwa migombani, anatapika.

Shangazi aliniletea mtori bakuli kubwa, utadhani aliyejifungua ni mimi. Hakuomba radhi, unamjua. Aliushika mkono wangu, akaugeuzageuza, akasema, "Huu ni wa kaka yangu." Hapo nililia, Baba. Tangu tukuzike nilikuwa sijalia vizuri.

Jioni Koti akatuma picha kwenye kundi la wafugaji, amemkumbatia ndama, koti halina hata doa: "Leo tumeokoa wawili, Mungu ni mwema." Watu, mazuzu wale wale waliokusifu jeneza likishuka, wakamiminika kumpongeza. Mwalimu wa kwaya akamwombea baraka. Ndipo Shangazi, ambaye huko hajawahi kutuma kitu ila kwa bahati mbaya, akatuma sauti yake: "Wewe, ulichookoa ni koti lako."

Jumatatu nakwenda ofisi ya mifugo ya wilaya kuuliza leseni yake iko wapi. Ninajua hana. Nitauliza mbele yake, nimtazame viatu.

Lala sasa, Baba. Miaka yote hukulala. Mbwa akibweka tu, ulishaanza kutafuta gambuti zako. Nakuahidi, wakija kubisha hodi, mimi ndiye nitakayeamka.

Binti yako,
Ndeshi